Pete ya miaka 15: sonara wa Tabora aliyetuambia ukweli, na almasi tuliyoifuata Dar

Jamani naandika ndefu kidogo, mnivumilie, maana nilipokuwa natafuta mimi nilikuta watu wameweka picha na bei tu, hakuna aliyekaa akaeleza kwa Kiswahili almasi inachaguliwaje ukiwa mtu wa kawaida na hela yako ya kudunduliza. Hii ni rivyuu ya sonara mmoja hapa Tabora mjini, upande wa soko kuu, lakini siwezi kumweleza yeye bila kueleza safari nzima ya pete, kwa sababu kazi kubwa aliyotufanyia haikuwa ile ya kuunga dhahabu, ilikuwa kutuzuia tusiibiwe mara ya pili.

Ndio, mara ya pili. Tulifunga ndoa Desemba 2009. Mume wangu wakati ule alikuwa kibarua wa reli, akadunduliza zaidi ya mwaka, akapanda treni hadi Dar akarudi na pete ya dhahabu yenye jiwe moja jeupe, dukani waliapa ni almasi halisi na wakampa kikaratasi kimeandikwa hivyo kwa kalamu. Miaka 15 nimeivaa. Nimelea nayo watoto watatu, nimefulia, nimepikia, na hii biashara yangu ya asali nimeifanya yote na pete kidoleni, ndoo, madumu, machujio, kila kitu. Basi mwaka 2024 mkopo wa kiwanja ulipoisha mume wangu akasema mke wangu Desemba tunatimiza 15, ile pete sasa tuiapgredi, tuweke jiwe kubwa zaidi. Nikamwambia sawa ila dhahabu ibaki ileile, isiyeyushwe ikachanganywa na ya watu wengine, nataka ileile aliyoniletea na treni.

Ndo tukaenda kwa huyu fundi. Kaduka kadogo tu, meza ina ngozi imening'inia chini ya kudakia vumbi la dhahabu, kuna taa, mzani mdogo ndani ya kisanduku cha kioo, na benchi la wateja. Tukamwambia shida yetu ni kutoa almasi ndogo tuweke kubwa. Akachukua lupu, kile kioo kidogo kinachokuza mara 10, akaiangalia pete muda mrefu kweli. Alafu akaniuliza, "Mama, hili jiwe limewahi kubadilishwa?" Nikasema hapana. Akanyamaza tena. Kisha badala ya kutuambia akanipa lupu nishike mwenyewe, akanielekeza niisogeze karibu kabisa na jicho mpaka iguse kope, alafu pete ndo niivute taratibu kuja kwenye lupu, sio lupu iende kwenye pete.

Nikaona. Ile mistari ambapo bapa moja la jiwe linakutana na jingine ilikuwa imelika, imekuwa ya mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima, na juu kumejaa mikwaruzo mikwaruzo kama sahani ya plastiki. Akatoa kipini chake chenye almasi ndogo sana akaniambia haya angalia na hii. Ile mistari yake ilikuwa mikali, imenyooka kama bati lililokatwa leo asubuhi, na alisema ana kipini hicho kabla sijaolewa. Alafu akachukua testa, kale kamashine kenye ncha kama kalamu, akagusisha kwenye almasi yake ikalia, akagusisha kwenye jiwe langu kimya. Akarudia mara tatu ili tusije tukadhani kamashine kamekosea. Akaeleza kwamba almasi inavuta joto haraka kuliko karibu kila kitu, na kile kinacholia ndo kinapima hilo.

Akasema ni zirkonia, yani jiwe la kutengenezwa linaloiga almasi. Jina hilo alilitamka taratibu, huku anamwangalia mume wangu. Alafu akageuza pete akatuonyesha mhuri wa ndani, 750, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali, akasema dhahabu ni ya kweli, karati 18, hapo mzee hukudanganywa.

Mume wangu hakusema neno, alitoka akasimama barazani. Mimi nilibaki nimeshika lupu, na niseme ukweli kilichoniuma sio jiwe, iliniuma ile treni, ule mwaka wa kula ugali na dagaa ili hela itimie, alafu mtu yuko nyuma ya kaunta anajua kabisa anachofanya anaandika kwa kalamu yake "almasi halisi". Duka lile silitaji, na lenyewe halipo tena.

Sasa fikirieni huyu fundi. Angeweza kunyamaza. Angetoa zirkonia, akaweka jiwe lolote tulilomletea, akachukua ufundi wake, nasi tungeenda nyumbani tukifurahi. Hakupata hata shilingi siku ile. Alimfuata mume wangu nje, akaagiza chai, wakakaa pale barazani zaidi ya nusu saa na mimi nikaenda kukaa nao. Yeye almasi hauzi kabisa, alisema tangu mwanzo, "mimi nafunga tu, kununua mtaenda wenyewe, ila msiende kama mlivyo."

Alianza na neno karati, maana tulikuwa tunalichanganya, na nadhani wengi mnalichanganya. Karati ya dhahabu ni usafi, 24 ndo dhahabu tupu, 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, yani asilimia 75, ndo maana mhuri unaandikwa 750. Karati ya almasi ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, kwahiyo karati 5 ndo gramu moja. Uzito, sio ukubwa. Hili alilirudia sana na sikulielewa mpaka nilipofika Dar nikaliona kwa macho, nitaeleza.

Wakati tunajipanga, shemeji yangu mmoja anayeishi Shinyanga akapiga simu, amesikia tunatafuta almasi, ana mtu Maganzo pale karibu na mgodi wa Mwadui ana jiwe ghafi, kubwa, bei ya kirafiki, hela tutume kwa simu. Nikiri nilishawishika. Mwadui ni jirani zetu, toka hapa unapita Nzega unapita Tinde umefika, na nani asingependa kuvaa almasi ya nyumbani. Nikarudi kwa fundi kumuuliza. Alikataa kwa ukali ambao sikuutegemea. Kwanza alisema almasi ghafi hununui kama nyanya, biashara ya madini ina leseni, kuna wadalali na wanunuzi wenye leseni na kuna masoko ya madini, ukikamatwa nalo mkononi huna karatasi hilo si pambo tena ni kesi. Pili, nani atakuchongea Tabora? Hakuna. Na ukimpata wa kuchonga, jiwe linapungua kuliko unavyofikiri. Akatoa mfano wa ile almasi ya pinki ya Mwadui, ile ya 1947 ambayo Dkt. Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilitoka ardhini ina karati 54.5, ilipochongwa ikabaki 23.6. Na hii ya juzi juzi, ya pinki pia, iliyouzwa Hong Kong 2022 kwa zaidi ya dola milioni 57, ilikuwa karati 32.32 ghafi, baada ya kuchongwa 11.15. "Hao ni wachongaji bora duniani, mama, na zaidi ya nusu imekuwa vumbi. Wewe na kijiwe cha shemeji yako utabaki na nini?" Nikampigia shemeji nikamwambia asante, hapana.

Alafu kuna haya majaribio ya mitaani, pumulia jiwe, litumbukize kwenye maji, kwangulia kioo. Hapa sikuhitaji fundi anishawishi kwa sababu mimi ni mtu wa asali. Kila siku mteja ananijia na kiberiti, anachovya njiti kwenye asali ikiwaka anasema safi, mwingine anadondosha tone kwenye mchanga, mwingine anaangalia sisimizi wanakuja au hawaji, na asali ya sukari inapita majaribio yote hayo na asali yangu nzuri ya miombo inafelishwa. Asali naipima kwa kile kipimo cha kuchungulia kama darubini ndogo, unapaka tone, unaangalia kwenye mwanga, unasoma maji ni asilimia ngapi, ikizidi 20 itachacha. Kinachosoma pale ni jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye asali. Fundi aliposema almasi nayo inajulikana kwa namna inavyopinda mwanga, inaupinda sana kuliko kioo na kuliko hata zirkonia, moyo wangu ukatulia, nikaona hiki ni kitu ninachokijua ila kimevaa nguo nyingine. Na hata ile testa yake alisema usiiamini peke yake, kuna jiwe linaitwa moisanaiti linavuta joto nalo, testa ya kawaida inalia kabisa kama kwa almasi, kwahiyo muuzaji akikulizia kamashine mara moja akakuambia umeona, usilipe kwa sababu hiyo. Linalorusha rangi nyingi mno kama upinde wa mvua, zirkonia au moisanaiti, ndo la kulitilia shaka. Almasi inarusha rangi ndio, lakini ina mwanga mweupe mwingi pamoja nazo.

Novemba tukaenda Dar, basi hadi Dodoma alafu treni ya umeme, mume wangu alitaka tufike kwa treni, na mimi nilimwelewa.

Duka la kwanza nisingekaa hata dakika 10 kama nisingekuwa na fundi kichwani. Taa za darini kali, ndogo ndogo nyingi, kila kitu kinameremeta, mpaka kioo cha saa yangu kilimeremeta. Nikaomba nitoke na jiwe hadi mlangoni. Wakakataa. Nikasema basi mmoja wenu alishike yeye nami nisimame naye hapo mlangoni, wakakataa pia. Cheti nilichoonyeshwa ni cha duka lenyewe, kina nembo yao, kimesifia kila kitu. Tukaaga. Sisemi ni wezi, nasema siwezi kutoa milioni tatu kwa jiwe ambalo sijaliona kwenye mwanga wa mchana.

La pili walikuwa waungwana sana na ningewarudia kwa kitu kingine. Walituonyesha almasi za maabara, karati 1.02 kwa milioni 1.6, na walisema wazi kabla hatujauliza kwamba ni ya maabara. Nataka niwe muadilifu hapa kwa sababu kuna watu wanasema ya maabara ni feki, si kweli, ni almasi kabisa, kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 kwenye kipimo cha ugumu wa madini, testa inalia, tofauti yake inaonekana kwa mashine za wataalamu. Tofauti ni bei, na bei yake imekuwa ikishuka, kwahiyo ukiitaka nunua kwa kuivaa sio kwa kuiweka kama akiba. Ilikuwa nzuri mno. Nilikaa nayo mkononi nikamwangalia mume wangu. Akasema chagua wewe. Nikafikiria tena 2009, nikaona moyo wangu unataka jiwe lililotoka ardhini, sio kwa sababu ni bora, ni kwa sababu ndo lile alilodhani ameninunulia. Mwingine angechagua ile na angekuwa sahihi kabisa, angepata jiwe kubwa karibu mara mbili kwa nusu ya hela.

Duka la tatu liko mitaa ya Kisutu, la familia, mama mmoja wa makamo ndo alituhudumia. Hakuwasha taa za kaunta. Alikunja karatasi nyeupe katikati kama kijitabu, akaweka mawe manne pale kwenye kunjo, juu chini, yani sehemu pana imelala na ncha iko juu, akasema hivi ndivyo rangi inaonekana, ukiliangalia kwa juu mng'ao unaificha. Na kweli, yakiwa yamelala hivyo moja lilikuwa na kanjano kadogo kama maji ya mchele, na yakigeuzwa yote meupe. Rangi zinapangwa kwa herufi kuanzia D ambayo haina rangi kabisa kuendelea hadi Z, na yale yalikuwa G, H, na mawili ya I.

Hapo ndo nikalielewa lile la uzito. Mawili yaliyobaki kwenye bajeti yetu yalikuwa moja la karati 0.70 na moja la 0.53. Mimi mkono ulienda kwenye 0.70 moja kwa moja, si ndo kubwa. Mama akachukua kipimo akapima upana, 0.70 likawa milimita 5.4. Akapima 0.53 likawa 5.2. Nikamwambia rudia. Akarudia. Akanieleza jiwe la karati 0.70 likichongwa vizuri linafika kama 5.7, hili aliyelichonga alitaka kubakiza uzito kwa sababu uzito ndo unaouzwa, akaliacha nene chini, kama mtu mwenye kitambi, uzito wote uko tumboni ambako pete inauficha. Na si hivyo tu, likiwa nene hivyo mwanga unaingia juu unatokea chini badala ya kurudi kwako. Alinishikisha yote mawili kwa vibano, tukatoka nje na kijana wake hadi kwenye kivuli cha jengo, sio kwenye jua, alisema kwenye jua kali hata almasi nzuri inaweza kuonekana nyeusi na cheche tu, kivuli ndo kinasema ukweli. Jamani. Lile la 0.70 katikati lilikuwa kama kisima, giza, unaona kama limelala. La 0.53 nililigeuza kidogo tu likawaka lote, nyeupe alafu nyeusi alafu nyeupe, mpaka pembeni kabisa. Kijana mmoja anauza maji akapita akasema "mama hilo linawaka". La milioni 3.9 lilikuwa limelala na la milioni 3.3 linawaka.

Kwahiyo mkinisikiliza kwa jambo moja tu ni hili la mchongo. Rangi na usafi dunia imevitoa hivyo, mchongo ni kazi ya mikono ya mtu, na ndo unaoamua jiwe lina uhai au halina. La kwetu kwenye cheti lina daraja la juu kabisa kwa mchongo, rangi G, usafi VS2, maana yake lina kasoro ndogo ndani ambazo huwezi kuziona bila lupu. Mimi nimeziona kwa lupu, kuna kidoa kama unyoya mdogo upande mmoja, na nimekipenda, maana nikiipeleka kwa fundi yeyote kufungwa najua jiwe langu nitalitambuaje likirudi.

Cheti ni cha GIA, taasisi ya Marekani ambayo haiuzi mawe. Mama alinipa lupu akanionyesha pembeni, kwenye mkanda wa jiwe, kuna namba imeandikwa kwa leza, ndogo hata macho hayaioni. Nikaisoma tarakimu moja moja, mume wangu akaiingiza kwenye tovuti ya GIA kwa simu yake, simu yake sio ya duka, ikafunguka, uzito uleule, vipimo vilevile, kile kidoa kimechorwa palepale. Alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, hapo ndo akakunjua. Akamulikisha na ile taa ya kukagulia noti kwa sababu fundi alimwambia, maana almasi nyingine zinawaka bluu chini ya ile taa na zikiwaka sana zinaweza kuwa na ukungu mchana, la kwetu halikubadilika.

Nilimuuliza yule mama je hili laweza kuwa la Mwadui. Angeweza kusema ndio nikafurahi. Akasema "siwezi kukudanganya, almasi za Mwadui zinauzwa kwa zabuni zikiwa ghafi, zinaenda kuchongwa nchi za watu, na cheti hiki hakisemi jiwe limechimbwa wapi." Kwa jibu hilo nikaacha kupunguza bei sana, tulimalizana milioni 3.1 na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya cheti imeandikwa.

Sasa turudi Tabora kwa fundi wetu. Kwanza alipima jiwe, akasoma namba kwa lupu mbele yetu, akaandika kwenye daftari, tukasaini. Nilitaka lifungwe kwa kucha sita, yani vile vijino vya dhahabu vinavyoshika jiwe, nimeona kwenye picha linakaa juu juu. Akaniuliza, "mama, mikono yako inafanya kazi gani?" Nikamwambia asali. Akanionyesha kidole changu cha pete, kina alama ya mpini wa ndoo. Akasema kucha zitanasa kwenye chujio na nta itajaa chini yake, na kucha ikiinuka siku moja jiwe linadondoka kwenye dumu la lita 20 la mtu. Akashauri ukingo, yani dhahabu inazunguka jiwe mzima na linakaa chini. Nikabisha kwamba ukingo utalifanya dogo. Akasema dhahabu ya njano inayozunguka inaongeza upana kwa macho, subiri uone. Na akaniambia kitu kilichoniuma kidogo, kwamba kwenye dhahabu ya njano rangi G haikuwa lazima, hata I ingeonekana nyeupe maana njano ya pete inaimeza, tungeokoa hela. Nawaambia nyie mnaotaka dhahabu ya njano, msinunue rangi kubwa mno kama sisi.

Aliniruhusu nikae nitazame, na hii kwangu ina thamani kuliko kitu chochote. Pete yetu aliipima gramu 3.6, akaiyeyusha peke yake kwenye chungu kidogo kilichosafishwa mbele yangu, akaongeza gramu moja ya karati 18. Ilipokuwa maji iling'aa kama jua la saa 12 jioni, akaimwaga, ikatulia. Siku ya kufunga jiwe aliigandisha pete kwenye lakiri, akachimba kiti kidogo, akaweka jiwe, akalitoa, akachimba tena kidogo sana, akalirudisha, mara nne au tano, mpaka alipolibonyeza kwa kidole likakaa bila kucheza. Alafu akaanza kuusukuma ukingo, sehemu moja, kisha mkabala wake, kisha katikati, hakuzunguka moja kwa moja, kwa sababu ukianza upande mmoja ukazunguka jiwe linasukumwa linainama. Alisema almasi ni ngumu kukwaruzika lakini sio kwamba haivunjiki, ina njia zake za kupasuka ukiigonga vibaya, na kauli hiyo aliitoa akiwa ameshika nyundo juu ya milioni tatu zangu. Sikupumua.

Sifa ni nyingi lakini mapungufu yapo na atayasoma maana nitamwonyesha. Aliahidi Alhamisi, tukapata Jumanne iliyofuata, na simu hapokei akiwa kazini kwahiyo nilienda bure mara mbili. Pete ya kwanza ilitoka pana, ikabidi aikate aipunguze, kama wewe vidole vinavimba jioni mpimishe jioni na asubuhi zote mbili. Risiti ni ya daftari tu. Ufundi na dhahabu ya kuongezea vilikuwa 360,000 jumla, na akatuambia tumrudishie pete kila baada ya miezi sita aangalie ukingo, hiyo bure. Nyumbani naisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki laini, almasi inapenda mafuta, yanaganda nyuma inafifia, ukiosha inaamka palepale.

Ukimtaka, fika soko kuu uliza sonara mzee mwenye benchi jekundu nje, watu wa sokoni watakupeleka. Asubuhi mapema ndo anakuwa na muda wa kueleza.

Ile zirkonia alitaka kuitupa mume wangu, fundi akamzuia. Aliifunga kwenye kikaratasi akaikunja mara tatu kama wanavyokunja mawe ya thamani, na juu akaandika kwa kalamu, herufi kubwa, ZIRKONIA, akasema watoto wenu wakiikuta siku moja wasije wakamuuzia mtu kwa jina lingine. Ipo kabatini, kwenye kisanduku kimoja na kile kikaratasi cha 2009.